Shimo Alilonichimbia Wesonga

Siku niliyokufa nilikuwa jikoni nikichambua mboga za mrenda. Redio ilikuwa imezimwa. Lornah, mjukuu wangu, alisema hataki sauti yoyote nyumbani mpaka amalize mambo yake na kampuni, wala simu isilie. Kwa hivyo niliizima na simu yangu, ile ndogo ya tochi tunayoiita mulika mwizi, nikaitia ndani ya kopo la majani ya chai ili nisije nikaigusa kwa mazoea. Kumbe mwizi alikuwa ameshaingia, nami tochi nimeifunika kwenye kopo.

Lornah, anayeniita Kukhu, yaani nyanya, nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu, alituacha mtoto hajajua hata kufunga kamba za viatu. Tumeishi wawili hapa Woodley, Nairobi, katika hizi nyumba za kaunti zenye umri wangu na nyufa zangu. Alisomea kutengeneza tovuti, yaani zile kurasa watu wanazofungua kwenye simu wakitaka kununua viatu au kutazama matokeo ya mtihani. Alimaliza masomo, akaanza kuomba kazi. Mwanzoni aliniambia kila kampuni aliyoiandikia. Baadaye akawa haniambii. Kisha akaacha kwenda kanisani, kwa sababu watu wa kanisa wana swali moja tu: "Umepata?" Nilimwona akizimika polepole, kama jiko la makaa ambalo hakuna anayelipepea. Usiku nilikuwa naomba Mungu jambo moja: huyu mtoto apate mahali pa kusimama. Hayo mengine nilimwambia Mungu yanaweza kungoja.

Ndipo akajitokeza mtu anaitwa Kibe. Aliandika kwamba kampuni yao iko mjini, Barabara ya Kenyatta, ghorofa ya juu kabisa, na kwamba wameona kazi za Lornah wakazipenda. Sauti yake kwenye simu ilikuwa tamu kama ya mchungaji kabla ya sadaka.

Jumapili moja tuliteremka mjini kuliangalia hilo jengo. Tulisimama ng'ambo ya barabara, tukanyoosha shingo kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi.

"Ni hapo juu, Kukhu," Lornah akasema. "Pale kwa vioo vya mwisho."

"Lifti ikiharibika utakuwa unafika kazini saa ya watu kutoka."

"Nitabeba chakula."

"Na godoro."

Tukacheka, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukarudi nyumbani. Hatukuvuka barabara. Hilo likumbuke.

Kibe alimwambia atapewa mtihani. Atayarishe kompyuta yake, ateremshe kazi ambayo kampuni imeianza, aiwashe, kisha arekebishe palipoharibika huku wao wakimtazama kwa video. Asubuhi hiyo Lornah aliweka laptop juu ya meza ya chakula, akaketi kama anayesubiri daktari. Nikavuta kigoda karibu.

"Sasa unafanya nini?"

"Natayarisha mazingira ya kazi, Kukhu. Ni kama jikoni. Huwezi kupika kabla hujaweka jiko, ukaleta maji, ukatafuta mwiko."

"Haya. Jiko ni gani?"

Akanionyesha. Hii ni programu ya kuandikia. Hii inaiwezesha tovuti kuwaka humu ndani ya mashine peke yake, kama iko nje duniani lakini hakuna anayeiona. Hii ni ghala ya kuwekea habari. Alikuwa anaeleza vizuri. Kisha akafungua dirisha jeusi, akaandika maneno machache, akabonyeza. Herufi nyeupe zikaanza kukimbia kutoka chini kwenda juu kama siafu waliomwagiwa maji.

"Na hawa wanaokimbia ni akina nani?"

"Ni vipande vya kazi za watu wengine. Mtu huko duniani ameandika kipande, mwingine anakitumia. Hakuna anayeanza kila kitu mwanzo."

"Ni wangapi?"

"Wengi. Labda elfu."

"Unawajua?"

"Hakuna mtu anawajua wote, Kukhu."

"Kwa hivyo umefungua mlango, wageni elfu wameingia, na hujamuuliza hata mmoja kwao ni wapi."

"Kukhu, please! Dunia nzima inafanya hivyo."

"Sawa. Waambie chai haitoshi."

Alicheka, na meno yake yote nikayaona. Kicheko hicho kilikuwa kimepotea nyumbani mwetu muda mrefu, nami nikakibeba hadi jikoni, nikashika mrenda wangu, moyo mweupe. Kutoka sebuleni nilimsikia Kibe akimsifu. Uso wake hakuuonyesha, alisema kamera yake ina shida. Fungua hii, alisema. Kubali ile. Vizuri sana, Lornah. Subiri kidogo. Alimweka pale asubuhi yote, akimpa hiki na kile cha kufanya.

Mlango ulipogongwa nilikwenda na sinia mkononi. Alikuwa Kaluki, jirani yangu Mkamba, leso kiunoni, pakiti ya sukari kwapani, na nyuma yake akina mama wawili wa kanisa. Alikuwa ameshafungua mdomo kulia. Akaniona. Kilio kilitoka, lakini si kile alichokuja nacho.

"Nasimiyu! Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Iko kwa WhatsApp! Lornah mwenyewe ametuma. Umelala leo asubuhi!"

"Leo asubuhi nilikuwa chooni."

Akina mama wa kanisa wakashikana mikono. Kaluki akaninyooshea kidole kimoja, akanigusa shavu, akakirudisha haraka.

"Hiyo ni sukari?" nikamuuliza.

"Ni ya matanga."

"Basi ingieni. Marehemu atawapikia chai."

Kaluki alinisomea. Picha ilikuwa yangu, ile ya Krismasi. Maneno yalisema mama yetu mpendwa Nasimiyu amelala kwa amani baada ya kuugua kwa muda mfupi, na mchango utumwe kwa nambari hii hapa. Niliudhika. Mpendwa na nani? Na kwa amani gani, mimi ninayekoroma mpaka paka anahama? Chini yake kulikuwa na salamu za watu ambao hawajanijulia hali tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wote walisema nilikuwa nguzo. Nilitamani kuzisoma hadi mwisho. Ni wachache wanaopata bahati hiyo.

Hapo Lornah akatoka sebuleni, simu mkononi, uso umekuwa rangi ya jivu la kuni. Kibe alikuwa amekata. Ile kazi aliyoiteremsha na kuiwasha ilikuwa na mtu ndani yake. Wakati yeye akijibu maswali, mtu huyo alifungua kila kitu kilichokuwa kwenye mashine: barua zake, picha zake, na WhatsApp yake ambayo huwa ameifungua pale pale kwenye kompyuta. Alimwandikia kila ndugu yetu kwa jina la Lornah. Kisha akamfungia nje. Simu yake ilikuwa imejaa miito ambayo hakuisikia, kwa kuwa aliinyamazisha kama alivyoambiwa.

"Kukhu," akasema. "Si mimi."

Aliwatazama Kaluki na wale wengine, akarudia. "Si mimi."

Akina mama walikunywa chai yao wakiangalia sakafu. Nikajua kwamba kazi sasa si kitu tena. Mtoto wangu atafaulu au ataangamia kwa maneno hayo mawili, ikitegemea kama kuna atakayeyaamini.

Niliitoa simu yangu kwenye kopo, nikaiwasha. Ililia kabla sijaipangusa majani. Alikuwa Emmah wa Kimilili, kijijini kwetu, mke wa Wesonga.

Huyu Wesonga alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, mulamwa wangu. Kwetu, mulamwa ni mtu wa kutukanana naye bila kesi. Yeye aliniita gunia la omena. Mimi nilimwambia miguu yake ilitengenezwa na fundi mlevi. Miaka mingi nilimchokoza kwamba nikifa nitazikwa Lang'ata, hapa hapa Nairobi, nipate majirani wa maana. Hilo ndilo tusi pekee lililomuuma. Angepiga simu siku ya pili yake, bado amekasirika: "Wewe utalala kando ya ndugu yangu. Hata wakufungie kwa jokofu la serikali, nitakuja kukutoa."

Kwa hivyo nilipoona jina la Emmah, nikatabasamu.

"Hallo?"

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Nasimiyu."

"Nasimiyu amekufa," Emmah akasema.

"Sijafa. Ni wezi wa mtandao, wamechukua WhatsApp ya Lornah. Mpe Wesonga nimtukane kidogo aamini."

Nyuma yake nilisikia watu wengi, na mtu akiamuru mwenzake ashike miguu.

"Wesonga ameanguka ndani ya shimo lako," akasema.

Hakusema shimo tu. Alisema shimo lako.

Baadaye nilielezwa. Emmah alipomsomea ule ujumbe, Wesonga hakupiga simu hata moja. Aliogopa kwamba Lornah na watu wa Nairobi, wakiulizwa, watanipeleka Lang'ata kama nilivyosema. Alisema: "Nikishachimba hapa hawana ujanja. Shimo likichimbwa haliachwi wazi." Kwetu ni kweli, kaburi halifukiwi tupu, likikosa mtu litatiwa hata mgomba. Akachukua jembe, akakataa vijana wasimsaidie, akakataa na dawa yake ya presha hadi amalize. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Alichimba kando ya mume wangu, akilia na kunitukana, jua likampata kiuno kikiwa ndani. Walimtoa akiwa amekwisha.

Sasa tulikuwa na msiba wa kweli, na hapo ndipo mkosi ulionyesha meno yake. Ilibidi watu waambiwe. Lornah hakuweza kuandika neno, nani angelisoma? Kesho yake nikachukua mulika mwizi yangu, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Mimi, marehemu, kutangaza kifo cha mwingine.

"Hallo, ni Nasimiyu. Nilitangazwa jana, lakini aliyekufa ni Wesonga."

Mpwa wangu mmoja alinikemea kwa jina la Yesu, akakata. Mwingine alitaka nithibitishe kuwa ni mimi. Aliniuliza nilifanya nini siku ya harusi yake.

"Nilikunywa soda ya bibi harusi."

"Ni wewe kweli, Senge, shangazi yangu. Lakini safari hii hamnipati. Mara ya kwanza nimelia, nimetuma. Mara ya pili nitakuwa mjinga."

"Wesonga amekufa, mwanangu."

"Mmeanza na wewe, mmefika kwa Wesonga. Kesho ni mimi?"

Wengi walisema hivyo hivyo. Na wale walioamini waliamini na jambo la pili: kwamba hakuna Kibe, kwamba ni Lornah na marafiki zake wa kompyuta waliokula mchango, na mzee akafa kwa njama yao.

Kabla ya kusafiri, Lornah alinivuta mjini. Alitaka kitu cha kuwaonyesha watu, hata kipande cha ukweli. Safari hii tulivuka barabara. Soja wa kulinda lile jengo alitusikiliza, akatazama juu pamoja nasi.

"Ghorofa ya juu kabisa? Huko ni matangi ya maji, mama."

Lornah alisimama pale mlangoni hadi watu wakaanza kumpita kwa mabega. Tukaenda kuandikisha kwa polisi. Kijana wa kaunta alisikiliza yote, akanigeukia.

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndiye mimi."

"Kaa kwa benchi, marehemu. Kuna walio hai mbele yako."

Siku nyingine ningemkumbatia kwa jibu hilo. Lornah hakusikia. Alikuwa anahesabu vigae vya sakafu kwa macho.

Matanga ya Wesonga, mtu aliyehudhuria misiba ya wilaya nzima, yalikuwa na viti vitupu safu kwa safu. Upepo uliviangusha, vijana wakaviinua, upepo ukaviangusha tena. Wazee walikaa kuamua juu ya shimo. Wengine walisema mgomba utiwe mle, Wesonga achimbiwe kwake mlangoni. Emmah akaulizwa. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Mwacheni alale alipoanguka. Amechoka kuchimba."

Kwa hivyo alilazwa pahali pangu, kando ya ndugu yake. Jeneza lilipokuwa likishuka, mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mchimba kaburi huingia mwenyewe." Nilimgeukia.

"Huyu alinichimbia kwa mapenzi," nikasema, na sauti yangu ikafika hadi kwa viti vitupu. "Wewe hujawahi kunichimbia hata choo."

Watu walicheka, kisha wakaona haya, kisha wakalia. Nilidhani nimefungua njia. Nikamsukuma Lornah mbele atie udongo wake.

Aliinama, akachota. Mtoto wa kwanza wa Wesonga akamshika kiwiko cha mkono.

"Wewe hapana."

"Mwache," nikasema. "Si mkono wake ulioandika."

"Jina ni lake, Mama. Picha ni yake. Mashine ni yake, na aliyemfungulia mwizi ni yeye." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Baba yangu yumo humo ndani. Mimi nifanye nini?"

Nilimtazama Emmah. Kila mtu alimtazama. Neno moja lake lingetosha. Emmah aliendelea kuangalia kaburi. Lornah akafungua kiganja, udongo ukamwagikia nje, juu ya viatu vyake.

Asubuhi ya kuondoka, vitu vya marehemu vilikuwa vinagawanywa uani: koti kwa huyu, fimbo kwa yule, viatu kwa mwenye mguu wa kutosha. Sisi tulikuwa tumeshika mizigo tunaelekea njiani. Emmah akatoka nyuma ya nyumba na jembe, udongo wa shimo bado umekaukia kwenye mpini. Alimpa Lornah.

"Chukua."

"Nilifanyie nini, Kukhu Emmah?"

"Sijui. Mimi siwezi kuliona."

Akarudi ndani. Njia nzima Lornah alilishika kati ya magoti. Aliniuliza maana yake ni nini, amesamehewa au amelaaniwa.

Tulipofika Nairobi, tuliipeleka laptop kwa Kivuva, fundi wa barabara ya Luthuli. Aliifuta yote. "Nimeosha kila kitu, haina kumbukumbu ya mtu," akatuambia akijivuna. Ikarudi Woodley tupu kama nyumba baada ya matanga, ikakaa kwenye mfuko wake. Jembe lilisimama nyuma ya mlango. Lornah akaenda kutafuta kibarua soko la Dagoretti, akawa anapanga viazi kwenye magunia na kurudi jioni na udongo kwenye kucha. Nikimtajia kompyuta aliniambia, "Sitaki kumfungulia mtu mlango tena." Na kule nyumbani, kila nilipopiga simu, Emmah aliniuliza habari zangu, akaniambia ya ng'ombe, akaniambia ya mvua. Jina la Lornah halikupita.

Mvua kubwa ilinyesha, soko likajaa maji, akashinda nyumbani. Nikamwendea kwa ile njia ninayoijua, ya uchokozi.

"Nitengenezee tovuti."

"Ya nini?"

"Iandikwe Nasimiyu yuko hai. Mtu akitaka kujua, anafungua anaangalia. Nimechoka kupigiwa simu na watu wanaosikiliza kama napumua."

"Na ukifa kweli?"

"Utaibadilisha. Hawataamini, nitapumzika bila hotuba."

Hakucheka. Lakini alilitazama jembe kwa muda mrefu, kisha akautoa mfuko kabatini, akaiweka laptop mezani. Akaanza upya: programu ya kuandikia, ile ya kuwashia, ile ghala. Jiko, maji, mwiko. Alifanya polepole, kama mtu anayetembea kwenye nyumba iliyoungua. Kisha akafungua dirisha jeusi, akaandika maneno, na kidole kikasimama juu ya kitufe. Hakikushuka.

"Kukhu."

"Nipo."

"Uliza."

"Niulize nini?"

"Kwao ni wapi."

Nilienda kuchukua miwani yangu, nikavuta kigoda. Akanisomea jina la kwanza, la kipande cha mtu wa mbali asiyejulikana sura. Tukamtafuta: ni nani, alianza lini, nani wengine wanaomtumia, nani amemlalamikia. Akapita. Tukaenda kwa wa pili. Hakuna anayefanya kazi hivyo, Lornah aliniambia. Kwa mwendo huu hata ukurasa mmoja utachukua msimu mzima, na hakuna kampuni itakayomngoja. Lakini hakuacha kusoma. Mvua iligonga mabati. Kila baada ya jina aligeuza macho hadi mlangoni, pale jembe lilipo, kisha akayarudisha.

"Na huyu?" nikauliza.

Alitafuta. Akatafuta tena.

"Sijui, Kukhu. Hakuna pahali amesema."

"Basi mwache nje anyeshewe."